Jaji akikuamulia vibaya usikimbilie JSC

Tena wiki hii. Mteja anaingia ofisini na barua ya kurasa nane kwa Tume ya Huduma za Mahakama (JSC), anataka jaji afutwe. Kosa la jaji? Aliamini shahidi wa upande ule mwingine. Basi, hakuna lingine. Namuuliza notisi ya rufaa ushafaili, ananiangalia tu.

Jamani, jaji akikosea sheria au ushahidi hiyo ni rufaa. Jaji akivunja maadili ya kazi, hapo ndio unaenda JSC. JSC haiwezi kugusa hukumu yako hata nukta, na wakati wewe unatafuta maneno makali ya kuweka kwa barua siku zinayoyoma: kutoka kwa hakimu kwenda Mahakama Kuu kesi ya madai una siku 30, ya jinai 14, na ukitaka kwenda Mahakama ya Rufaa kwa kesi ya madai, notisi ni siku 14. Zikipita unaanza kuomba uongezewe muda, na hiyo utalipia. Kuna wengine hata wanataka kumshtaki jaji mwenyewe, alafu kifungu cha 160(5) cha Katiba ya Kenya kimefunga huo mlango kama alifanya kazi yake kwa nia njema, na mimi naona kilifungwa vizuri.

Sasa maadili yenyewe. Kanuni zipo, za mwaka 2020, na zinamfuata jaji hadi nje ya korti. Nancy Baraza alikuwa Naibu Jaji Mkuu, hakuna hukumu iliyomponza, ni mzozo na mlinzi pale Village Market, jumba la maduka Nairobi, Desemba 2011 kuhusu kukaguliwa mlangoni. Jopo likapendekeza aondolewe, akajiuzulu 2012. Rushwa mnaijua, siirudii. Kile hamjui ni kwamba jaji kuongea na upande mmoja kuhusu kesi na mwenzake hayupo pia ni kosa, na bado mteja yule yule wa kurasa nane ndio ataniambia "wakili, si mlisoma pamoja, muone kidogo."

Na hapo kwa kusoma pamoja ndio damu yangu inachemka. Kila mwezi kuna mtu anataka jaji ajiondoe kwa kesi juu alisoma na wakili wa yule mwingine. Kwani alisoma na nani? Mawakili wengi wa hii nchi tumepitia Kenya School of Law pale Karen, tukianza hivo nani atabaki wa kusikiza kesi kwa korti za Milimani? Kabila nalo halitoshi. Kipimo ni mtu wa kawaida, mwenye akili timamu na anayejua ukweli wote, je, angeogopa kweli kwamba jaji ataegemea upande? Kama jaji alikuwa wakili wa mmoja wenu kwa hiyo kesi, au familia yake ina maslahi kwa matokeo, hapo simama uombe, na uombe mapema, si baada ya kuona upepo umegeuka. Lakini pia sitawadanganya, huyo mtu wa kawaida simjui anakaa wapi. Jaji na wakili wanaocheza gofu kila Jumamosi, sheria inaweza kusema hiyo si kitu, ila mama aliyetoka Kayole kuja kutetea ploti yake akiwaona ataamini? Mimi mwenyewe sina hakika. Na swali la kujiondoa, wa kwanza kuliamua ni jaji huyo huyo anayelalamikiwa.

Kitu kingine kinachonitatiza, kifungu cha 168 cha Katiba kinataja pia kutojua kazi kama sababu ya kumwondoa jaji. Sasa hukumu mbovu ngapi ndio zinafika hapo? Moja haifiki, hiyo najua.

Malalamiko mazuri mnayaacha mezani. Hukumu ya kesi ya madai inafaa itoke kwa siku 60 baada ya kesi kumalizika, na jaji akichelewa lazima aandike sababu. Umeahirishiwa "hukumu kwa notisi", yaani tarehe utajulishwa baadaye, mwaka mzima? Hiyo andikia JSC, na mtu yeyote anaweza, si lazima wakili. Weka nambari ya kesi, tarehe kesi ilipofungwa, kila tarehe uliyopewa ikapita, na kopi. Ya "jaji ni mfisadi kila mtu anajua" itoe, hakuna mtu atachunguza kila mtu.