Je, wajua kwa nini baiskeli za kisasa hazikubaliwi katika msafara wa L'Eroica?

Kila mwaka, mwanzoni mwa Oktoba, maelfu ya waendesha baiskeli hukusanyika Gaiole in Chianti, mji mdogo katika mkoa wa Toscana nchini Italia, kwa ajili ya msafara uitwao L'Eroica. Njia yake ndefu kuliko zote inazidi kilomita 200, na miinuko yake ikijumlishwa inapita mita 3,000. Hata hivyo, kanuni inadai baiskeli ya mbio iliyotengenezwa mwaka 1987 au kabla ya hapo. Kwa nini waandaaji waliamua hivyo, ilhali baiskeli nyepesi zenye gia nyingi zimejaa madukani?

Sababu ni barabara zenyewe. Chianti ni eneo la vilima, na mizabibu hupandwa kwenye miteremko kwa kuwa hapo maji hayatuami na jua huyafikia mashamba vizuri. Njia zinazounganisha mashamba hayo zilitandazwa mawe ya chokaa yaliyopondwa, ambayo huzipa rangi nyeupe. Katika karne ya 20 nyingi zilifunikwa kwa lami, na zilizosalia zilikuwa hatarini. Mwaka 1997 Giancarlo Brocci aliandaa msafara wa kwanza, uliokuwa na waendeshaji 92, akitaka watu waone kwamba barabara hizo zina thamani zikiachwa zilivyo. Baiskeli kuukuu iliikamilisha hoja yake, kwani mabingwa wa zamani wa mbio za baiskeli wa Italia kama Gino Bartali na Fausto Coppi walishindana kwenye barabara za vumbi na kokoto.

Ugumu wa baiskeli hizo huonekana mara tu kilima kinapoanza. Gia hubadilishwa kwa vishikio vidogo vilivyofungwa kwenye bomba la fremu karibu na magoti, hivyo mwendeshaji hulazimika kuachia usukani kwa mkono mmoja huku gurudumu la mbele likirukaruka juu ya kokoto. Akisimama juu ya pedali ili apande kwa nguvu, gurudumu la nyuma hupungukiwa na uzito na kuteleza; ni lazima akae kitini na kusukuma taratibu, miguu ikiwa imebanwa kwa mikanda ya ngozi ambayo hana budi kuilegeza kabla ya kusimamisha baiskeli. Mfumo wa Shimano, kampuni ya vipuri vya baiskeli, wa kubadilishia gia kwenye vishikio vya breki ulikuja mwaka 1990, na naona ndio uliomwondolea mwendeshaji sehemu kubwa ya kazi hiyo.

Wanaochagua njia ndefu huondoka kabla ya mapambazuko na kupanda kuelekea kasri la Brolio, ambako Bettino Ricasoli, aliyewahi kuwa waziri mkuu wa Italia, aliandika mwaka 1872 mchanganyiko wa zabibu wa divai ya Chianti. Vituoni hupewa supu nzito ya mboga na mkate iitwayo ribollita, pamoja na divai ya hapo hapo. Hakuna mshindi, kila mmoja hugongewa mihuri kwenye kijitabu chake.

Msafara huu ndio uliozaa, mwaka 2007, mashindano ya wanariadha wa kulipwa ambayo leo huitwa Strade Bianche, yaani barabara nyeupe, na humalizikia uwanja wa Piazza del Campo mjini Siena. Ya wanawake yakaongezwa mwaka 2015. Hao hutumia baiskeli za kisasa kabisa, lakini bila kokoto nyeupe mashindano yao yasingekuwapo, na hivyo barabara zilizokuwa zikisubiri lami sasa zina sababu nzito ya kuachwa bila lami.