Sindano ikikosa zahanati, mtu analala seli

Kazi yangu ni uuguzi wa magonjwa ya akili, na simu inayonitia tumbo joto si ile ya usiku ati mgonjwa amechachamaa, ni ya mchana, mama anauliza tu, "Daktari, ile sindano imefika?" Mi si daktari lakini huku kwetu ukivaa koti jeupe basi wewe ni daktari.

Sindano yenyewe ni flufenazini, wengi wanaijua kama Modecate. Ni dawa ya kitambo, ya mafuta, inadungwa kwa makalio halafu inaingia mwilini polepole, mtu wa skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo, anaweza kukaa karibu mwezi bila kusumbuana na vidonge. Sasa ikose. Siku za kwanza huoni kitu. Baadaye usingizi unapotea, halafu anasikia jirani akimtukana kupitia ukuta, anaenda kuvunja dirisha la huyo jirani, na watu hawaiti kliniki, wanaita polisi, kama hawajamfunga kamba na kumpiga kwanza. Kesho yake ni kesi ya kuharibu mali, dhamana hakuna wa kulipa, rimandi. Korti nayo ikishuku akili iagize apimwe, ripoti ingojewe, kesi itajwe na kutajwa tena.

Na kwa nini inakosa? Hapa ndio huwa nakasirika. Stoo inaagiza dawa kulingana na iliyotumika, na ikiisha hakuna inayotumika, kwa hivyo karatasi inasema hatuihitaji, oda inayofuata inakuwa ndogo zaidi. Wagonjwa ni wale wale! Sisi hapa tuliamua kuhesabu vichwa, kila mtu wa sindano ana jina na tarehe kwa daftari, akipita siku tatu mhamasishaji wa afya wa mtaa anaenda kumuangalia nyumbani.

Sheria imesonga, lazima niseme. Mabadiliko ya 2022 ya Sheria ya Afya ya Akili hapa Kenya yanataka kaunti zitoe hii huduma karibu na watu, si kila mtu apandishwe gari hadi Mathari, hospitali ya akili ya Nairobi iliyoanza 1910. Januari 2025 Mahakama Kuu ikasema kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kile cha kumshtaki mtu aliyejaribu kujiua, kinakiuka Katiba. Kabla ya hapo ungenusurika kifo halafu ukabiliwe na hadi miaka miwili jela, fikiria.

Lakini askari wa zamu hasomi hukumu saa nne usiku. Sheria inamruhusu kumleta mgonjwa hospitali badala ya kumfungulia kesi, wengi hata hawajawahi kuambiwa. Mi nilienda mwenyewe kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, nikampa namba yangu, chai tukanywa. Juzi akapiga, kuna kijana amevua nguo steji anahubiria matatu, nikaangalia daftari, wiki mbili amepitwa na sindano yake. Wakamleta na Land Cruiser yao, wakamfungua pingu mlangoni, na askari mmoja akabaki kumshikia shuka hadi dada yake akafika na nguo.