Vita vya kugombea Ravenna: dhana potofu kuhusu Walombardi na Wabizanti

Dhana: Walombardi, watu wa asili ya Kijerumani, waliingia Italia mwaka 568 wakaimeza yote kwa mkupuo mmoja, wakiwapokonya Wabizanti, yaani Warumi wa Mashariki.

Mji wa Pavia peke yake uliwachukua kama miaka mitatu kuuteka. Ravenna, makao ya eksarki, yaani gavana aliyetawala kwa niaba ya kaisari wa Wabizanti huko Konstantinopoli, ilidumu hadi 751. Upande wa nchi kavu ulizungukwa na vinamasi, na msaada ulifika kwa bahari kupitia bandari yake, Classe.

Dhana: Ilikuwa vita ya kabila kwa kabila, Warumi huku, Wajerumani kule.

Hii ndiyo inayopotosha kuliko zote. Mtazame Droctulf, shujaa wa vita hivi. Kwa asili alikuwa Msuebi, kabila jingine la Kijerumani, akakulia kwa Walombardi, wakampa cheo cha dyuki. Kisha akawageuka, akajiunga na Wabizanti. Aliulinda mji wa Brescello dhidi ya Authari, mfalme wa Walombardi, mpaka uliposalimu amri, na kuta zake zikabomolewa. Faroald, dyuki wa Kilombardi wa Spoleto, alipoishikilia Classe, Droctulf ndiye aliyewashinda Walombardi kwa mashua ndogondogo kwenye mto Badrinus. Alizikwa mbele ya mlango wa kanisa la San Vitale, Ravenna. Maandishi ya kaburi lake yanasema uso wake ulitisha, moyo wake ulikuwa mwema, na ndevu zake ndefu zilishuka kifuani. Shujaa wa Warumi mwenye sura hiyo! Atakayezigawa pande hizi kwa damu atamweka wapi?

Dhana: Walombardi hawakujua kuvunja kuta.

Majeshi ya eksarki Callinicus yalimteka binti wa Agilulf, mfalme wa Walombardi, pamoja na mumewe, na hilo likawasha vita. Mwaka 603 Agilulf, akisaidiwa na Waslavi waliotumwa na khan (mtawala) wa Waavari, aliitwaa Cremona, mji uliokuwa wa Wabizanti, tarehe 21 Agosti, akaisawazisha na ardhi. Kuta za Mantua, mji mwingine wa Wabizanti, alizivunja kwa magogo ya kubomolea, lakini askari waliokuwamo akawaruhusu warudi Ravenna, naye akaingia tarehe 13 Septemba. Baadaye binti yake alirudishwa.

Dhana: Ravenna ilipotea mara moja tu, mwaka 751.

Mfalme wa Walombardi Liutprand alikuwa ameshaitwaa kabla ya hapo, Waveneti (watu wa Venisi) wakaikomboa. Mwaka 751 hakuna aliyekuja kuikomboa. Tarehe 4 Julai 751 mfalme wa Walombardi Aistulf alitoa hati akiwa ndani ya ikulu ya Ravenna. Naye hakukaa nayo: kufikia 756 Wafaranki wa mfalme wao Pippin walimlazimisha kuiachia, ikakabidhiwa Papa.