Pasaka haisubiri mwezi uandame

Juzi nipo Mbuyuni hapa Moshi nanunua ndizi za mtori, mama muuzaji anamwambia mwenzie "Pasaka ya mwakani bado haijulikani bwana, mpaka mwezi uandame." Hii kauli nimeisikia kwenye kwaya, kwenye daladala, mpaka kwa wazee wa kanisa, sasa naomba tuelewane.

Sikukuu zinazohama ni zile zisizo na tarehe moja kila mwaka, zinaifuata Pasaka: Jumatano ya Majivu siku 46 kabla, Kupaa siku ya 40, Pentekoste siku ya 50. Pasaka yenyewe ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia Machi 21. Basi.

Sasa mpevu sio mwandamo jamani. Kuandama ni kufuata, ndo humo tumepata maandamano, na mwezi ukiandama ni ule mwembamba kama ukucha unaochungulia magharibi jioni, ndugu zetu Waislamu wanauangalia kwa ajili ya Ramadhani na Idi. Kupevuka ni kukomaa. Yule mama mkungu alionikatia ulikuwa umepevuka, ndizi zimejaa mpaka zile kona zimepotea ila bado kijani, hazijaiva, na mwezi mpevu ndo hivyo hivyo, umejaa duara lote, hauna pa kuongezeka, ni kama wiki mbili tangu uandame.

Halafu hata huo mpevu hakuna anayetoka nje kuutazama. Kanisa lina jedwali lake, mzunguko wa miaka 19, na saa nyingine jedwali na anga havikubaliani. Mwaka 2019 mwezi ulijaa angani alfajiri ya Machi 21, ungefuata anga Pasaka ingekuwa Machi 24, lakini jedwali lilikuwa limeuhesabu Machi 20 kwahiyo tukasubiri mwingine, tukala Pasaka Aprili 21. Waorthodoksi wanatumia hesabu ya kalenda ya zamani, ndo maana 2024 sisi tulikuwa Machi 31 wao Mei 5, na 2025 wote tukakutana Aprili 20.

Kwahiyo mama yangu, mteja akikuuliza Pasaka ya mwakani ni lini usimwambie asubiri mwezi, hesabu yake ilishapigwa zamani, muulize tu katekista au mwinjilisti wako atakutajia tarehe hapo hapo.