Filta ya mafuta haiwi mpya kwa kupulizwa

Wengi huamini filta ya mafuta ya gari (petroli au dizeli) ikiziba, inatosha kuichomoa, kuipuliza kwa kompresa na kuirudisha. Imani hiyo ina chanzo: filta ya hewa hupulizwa hivyo, na gari huweza kuvuta vizuri kwa muda. Lakini filta nyingi za mafuta zina karatasi iliyokunjwa, yenye vitundu visivyoonekana kwa macho; upepo mkali huweza kuichana, uchafu ukapita hadi kwenye nozeli, yaani vinyunyizio vya mafuta vya injini.

Jionee mwenyewe: mbali na moto, mimina mafuta ya filta kuukuu, kupitia upande wa kuingilia, kwenye chombo cheupe. Mara nyingi utaona chembe za kutu na tope.

Filta ilipo, kitabu cha gari kitakuonyesha. Ikiwa ndani ya tangi, mwachie fundi. Ikiwa nje, toa kwanza presha ya mafuta. Mshale wa filta mpya uelekee injini.