Je, wajua kwa nini majivu ya kinyesi cha ng'ombe huzuia fukusi?

Katika vijiji vya Misungwi, Kwimba na Magu, mkoani Mwanza, ambako ufugaji wa ng'ombe na kilimo cha choroko huendeshwa na kaya zilezile, wapo wanaochoma kinyesi kikavu cha ng'ombe, wakachekecha majivu yake na kuyachanganya na mbegu za msimu ujao. Wengi hudhani kuwa majivu hayo yana sumu. Hayana, maana fukusi hafi kwa kula kitu, hufa kwa kukauka.

Mwili wa fukusi umefunikwa na tabaka jembamba la nta linalozuia maji yasimtoke, na kwa mdudu anayeishi katika nafaka kavu asipate hata tone la kunywa, nta hiyo ndiyo uhai wake. Nyasi anazokula ng'ombe zina silika nyingi, yaani madini magumu kama yale ya mchanga, na kwa kuwa silika haiungui, hubaki katika majivu ikiwa chembe ngumu zinazokwaruza nta hiyo, huku vumbi laini la majivu likiifyonza. Aidha, majivu hujaza nafasi zilizo kati ya punje, kiasi kwamba mdudu anayechomoza hushindwa kumfikia mwenziwe wa kupandana naye, na jike hukosa ganda safi la kubandika mayai.

Kwa sababu kazi yenyewe ni ya kuzingira punje, konzi mbili zinazorushwa juu ya gunia ni kazi bure. Kwa kunde, majivu ya kuni yameonekana kufaa kwa kipimo cha sehemu 3 za majivu kwa sehemu 4 za kunde, kiasi kikubwa kinachofanya njia hii ifae mbegu na akiba ya nyumbani kuliko shehena ya mfanyabiashara. Majivu yawe yamepoa na makavu kabisa, jambo linalohitaji uangalifu zaidi wakati wa mvua huku kando ya ziwa. Buu aliyekwisha kuingia ndani ya punje hayamdhuru, na kwa kuwa fukusi wa kunde huanza kushambulia mazao yakingali shambani, ni vyema kuyaanika na kuyachanganya na majivu mara baada ya kupura.

Mahindi yana shida yake. Dumuzi, mdudu mwenye asili ya Amerika ya Kati ambaye wakulima wa Tabora walimbandika jina la Scania, hupenda mahindi yaliyo kwenye magunzi, ambako majivu hayapenyi vizuri. Kwa hiyo yapukuchuliwe kwanza.

Kinyesi kibichi kilichokorogwa na maji nacho hupakwa majani ya miche, kwa kuwa mbuzi na ng'ombe hukwepa malisho yenye harufu ya kinyesi, ingawa mvua moja tu hukiosha. Kisipakwe kamwe kwenye mboga zinazoliwa mbichi, kwa sababu hubeba vimelea vya kuhara.