Je, wajua malaria ya mababu zako inaweza kukifanya kipimo cha kisukari kikudanganye?

Kile kipimo cha HbA1c, wengi tunakiita sukari ya miezi mitatu, mi nilikuwa nakiamini kama hakimu. Baba mdogo alikuwa akichoma kidole asubuhi kabla ya kula anapata 9, ambayo iko juu, halafu HbA1c inakuja asilimia 6.2, chini ya 6.5 ambayo ndo mstari wa kisukari. Nikamwambia glukomita yako mbovu, badilisha betri. Akabadilisha. Akanunua na stripu mpya, 9 iko palepale, na mi bado nalaumu mashine, kisha nikahamia kumlaumu yeye, eti unakula usiku kwa kujificha. Kosa langu lilikuwa kudhani HbA1c inapima sukari. Haipimi sukari, inapima alama ambayo sukari imeacha.

Fikiria kanzu nyeupe zimeanikwa kando ya barabara ya vumbi. Hujaliona vumbi lenyewe likipita, ila ukiangalia kanzu unajua barabara ina vumbi kiasi gani. Chembe nyekundu ya damu ndo kanzu, sukari ndo vumbi, ikishagandia kwenye hemoglobini, protini iliyo ndani ya chembe, haibanduki mpaka chembe ife, na chembe kwa kawaida inaishi kama siku 120. Maabara wanachukua kanzu zote kwa pamoja, za jana na za miezi mitatu iliyopita, wanaangalia zimechafuka asilimia ngapi. Sasa kama kuna mtu anaanua kanzu mapema na kuanika mpya kila mara? Barabara ina vumbi lilelile lakini kanzu zinang'aa, na wewe unaambiwa hongera.

Mmoja wa wanaoanua mapema ni upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinacholinda chembe nyekundu zisiharibike. Umeenea sana Afrika na kwingine kwenye historia ya malaria kwa sababu unasaidia kumkinga mtu na malaria kali, kwa hiyo waliokuwa nao walipona wakazaa. Utafiti mkubwa uliotoka 2017 ulikuta aina ya Kiafrika ya upungufu huu inashusha HbA1c kwa pointi 0.81 kwa wanaume (jeni yake iko kwenye kromosomu X na mwanaume anayo moja tu, hana ya akiba), na wakakadiria Wamarekani weusi kama 650,000 wenye kisukari wangeweza kukosa kugunduliwa kama wangepimwa kwa HbA1c peke yake. Mwaka huohuo utafiti mwingine ukaonyesha wanaobeba selimundu bila kuugua wanasoma kama 0.3 chini kwa sukari ileile, japo hapa stori ya kanzu haitoshi kueleza kila kitu, kuna mashine nyingine zinachanganywa na hemoglobini yenyewe.

Halafu kinachonifurahisha ni kwamba ukichukua Wamarekani weusi kwa ujumla, HbA1c yao iko JUU kidogo kuliko ya weupe wenye wastani uleule wa sukari, kama 0.4 kwenye utafiti wa watu wenye kisukari aina ya kwanza. Washiriki walikuwa 208 tu kwa hiyo usiibebe kama msahafu, lakini ona kichekesho chake, kundi linasukumwa juu na baadhi ya watu ndani ya kundi hilohilo wanavutwa chini, kwa hiyo daktari akiangalia rangi ya ngozi peke yake hajui akusahihishe kwenda wapi.

Baba mdogo alikuja kupimwa G6PD, upungufu ukaonekana, na glukomita nikaiomba msamaha. Kwa mtu kama yeye wanafuata sukari yenyewe, ya kufunga au ya kunywa glukosi, au wanapima fruktosamini, ambayo inaangalia protini za kwenye majimaji ya damu. Kumbukumbu yake ni wiki 2 au 3 tu, fupi, ila haina ugomvi wowote wa zamani na mbu.